Herufi Iliyoanguka

Mimi hutunga majina ya leso.
Mia tano kwa jina, chai juu ya mwenye duka,
na duka ni la Jayantilal, Barabara ya Biashara.
Maneno mawili, matatu, yasizidi sita,
yawe na mwiba, na mwiba upakwe asali,
yamfikie jirani bila kumtaja jirani.
Kazi hii nimeirithi kwa marehemu mama.

Mwezi wa Rajabu niliandika,
kwenye karatasi iliyofungiwa kashata:
NIMEOLEWA SIKUOKOTWA.
Jayanti alicheka hadi miwani ikamvuka.
Akalipiga picha kwa simu yake
(nayo simu, na chaja, na kioo kilichopasuka,
vyote vimetoka huko huko)
akalituma China kwa dada mmoja, Shuyan,
asiyejua Kiswahili ila "bei" na "haraka".

Siku arubaini na tano. Meli Kilindini.
Kontena likapandishwa reli, likatupita Miritini,
likaenda Nairobi kukaguliwa,
kisha likaturudia kwa lori, limechoka
kama mgeni aliyepitishwa mlango wa mwenyeji wake.

Pea mia mbili na hamsini. Za zamani ni mia saba.
Hizi nyepesi: ukiinua moja juani wamwona mtu wa pili.
Maji ya kwanza, ndoo nzima nyekundu.
Lakini nimlaumu nani? Mwenye watoto wanne
huhesabu shilingi kabla ya nyuzi.
Na mimi mwenyewe, kandambili zangu,
sufuria ya wali, taa ya sola, hata tasbihi,
nikivigeuza chini navikuta na maandishi yaleyale madogo.

Tukafungua robota.
Rangi imekubali, pindo limekaa, korosho pembeni safi,
na katikati, kubwa, nyeusi, bila haya:
NIMELEWA SIKUOKOTWA.

O moja imeanguka.
Imeangukia wapi? Baharini?
Au chini ya meza ya Shuyan, saa nane za usiku,
usingizi ukimwibia jicho moja moja?
Pea elfu mbili, na kila moja imelewa.

Jayanti akashika kichwa, akataja mkopo wa benki.
Mimi nikaketi juu ya robota
nikamsikia mama akinicheka kaburini.

Ndipo akapita Bi Mishi wa Kuze.
Akasoma. Akasoma tena. Akakaa chini kwenye baraza,
kanga za mbavu zinamuuma kwa kicheko,
na alipoinuka alitaka pea sita za harusi ya mpwawe.
Kufika Ijumaa, Kuze, Majengo, mpaka ng'ambo Likoni,
wanawake wasiowahi kunusa hata tembo la mnazi
wamelewa mchana kweupe, wametanda.
Imamu wa mtaa aligeuza uso,
ila mabega yake tuliyaona yakitikisika.

Jayanti akaagiza elfu nne. "Usirekebishe."
Kimya. Siku ya tisa simu ikalia,
na mashine ikatutafsiria kwa Kiswahili cha kigugumizi:
*Kiwanda funga. Oda Ulaya hakuna.
Mimi rudi kwa mama. Samahani herufi.*

Samahani herufi.
Gazeti husema China imetumeza, kesho lisema imetujenga,
keshokutwa inadai. Sijui ni China ipi.
Kuna ile ya reli na winchi za bandarini,
na kuna hii niliyoijua mimi, iliyosinzia juu ya maneno yangu,
ikanilisha mwezi mzima kwa kosa lake,
sasa imekunja virago kama binti yeyote wa Changamwe
kiwanda kikifungwa.

Nikaiomba karatasi nyingine ya kashata.
Nikaandika jina lisiloagizwa na mtu:
ULIYENIKOSEA UMENILISHA.

Jayanti akalisoma, akauliza, sasa atachapa nani?
Sikumjibu.
Bado namdai mia tano ya lile la kwanza.